Bila gari, peke yako: ulale Oicha, Beni ao Butembo?

Kila wiki swali ni lile lile. Linatoka kwa mwalimu anayekuja kufuata karatasi zake kwenye ofisi za territoire, kwa mama anayetafuta maharagwe ya kuuza, kwa kijana aliyetoka kwenye machimbo ya Biakato na anataka kufika Kasindi. Mtu akiwa peke yake na hana gari, aweke mzigo wake wapi? Alale mji gani ili kila asubuhi aende kwenye shughuli yake na jioni arudi?

Sisi wa sendika ya wachimbaji hapa Oicha tunaulizwa kwa sababu watu wanatuona njiani. Hatuna jeep. Tunapanda pikipiki, tunabanana ndani ya taksi, mara moja moja tunakaa juu ya mizigo ya Fuso. Basi tumeona vizuri tuandike yale tunayowaambia watu kwa mdomo.

Wengi wanaanza kwa bei ya chumba. Wengine wanauliza kama kuna maji, kama kuna umeme wa kuchaji simu. Hayo yote yana maana, lakini yanakuja nyuma. Swali letu la kwanza ni hili: kutoka pale utakapolala, unaweza kwenda na kurudi jua likiwa bado juu? Na la pili: usiporudi, kuna mtu atakayejua? Mji unaojibu ndiyo kwa maswali hayo mawili njo kituo chako.

Masaa manane tu

Huku kwetu tuko karibu kabisa na ikweta. Jua linatoka karibu na saa kumi na mbili asubuhi na linazama karibu na saa kumi na mbili jioni, Desemba kama Juni. Mchana ni masaa 12. Ondoa saa moja ya kungoja gari ijae, maana taksi haina saa ya kuondoka, inaondoka ikijaa. Ondoa masaa mawili ya jioni, ambayo hatushauri mtu awe bado barabarani. Ondoa saa moja ya vizuizi, tairi na mvua. Mwenye kuhesabu vizuri anabaki na masaa 8, na ndani ya hayo aende, afanye kazi yake, arudi.

Sababu ya hesabu hii kila mtu wa Beni anaijua. Mauaji ya raia yaliyoanza Oktoba 2014, ambayo serikali inayaweka juu ya ADF, hayajatuacha. Oicha ilizika watu wengi mwisho wa mwaka 2019, kiisha jeshi kuanza operesheni yake mwisho wa Oktoba. Septemba 2021, karibu na Ofaye kwenye njia ya Komanda, hata msafara wa magari uliosindikizwa na askari ulishambuliwa. Tangu Mei 2021 Kivu ya Kaskazini na Ituri ziko chini ya utawala wa kijeshi, na saa ya mwisho ya kutembea usiku inaweza kubadilika mji kwa mji.

Hatuandiki haya ili kutia watu woga. Wanaosafiri ni wengi kila siku. Bila wao hakuna soko, hakuna shule, hakuna dawa. Tunaandika ili mtu apange safari yake akiwa na macho wazi.

Na kupanga hivi si jambo la kwetu peke yetu. Wandugu zetu walio Ulaya wanajua pwani ya Italia kule Liguria, kwenye vijiji vitano vinavyoitwa Cinque Terre. Vijiji vile vimebanwa kati ya mlima na bahari, na gari ni mzigo kuliko msaada. Treni inapita kati ya La Spezia na Levanto na kusimama kwenye kila kijiji, dakika chache toka kimoja mpaka kingine. Wasafiri wengi wa peke yao hawalali ndani ya kijiji kilicho kizuri zaidi. Wanalala La Spezia, mji wa kazi na wa bandari, kwa sababu njia zote zinakutana pale. Asubuhi wanachagua upande wa kwenda, jioni wanarudi kwenye kitanda kile kile.

Akili ile njo yetu pia: lala pale njia zinapokutana. Tofauti ni moja. Kule mtu akikosa treni, anangoja ingine. Huku ukikosa gari ya mwisho, unalala pale ulipo.

Njia zenyewe

Weka Beni katikati ya kichwa chako. Kaskazini kuna barabara ya taifa namba 4: unapita uwanja wa ndege wa Mavivi, unafika Mbau, kiisha Oicha, kilomita karibu 30 toka Beni. Mbele kuna Kokola na Eringeti, halafu unaingia Ituri kuelekea Komanda na Bunia. Pale Mbau kuna njia inayokata kwenda Kamango. Magharibi ya Beni kuna Mangina, na njia ya Biakato na Mambasa. Mashariki kuna Kasindi kwenye mpaka wa Uganda, kilomita 80. Kusini kuna Butembo, kilomita 54, kwa kupitia Maboya.

Hizi mbili za mwisho, Beni–Kasindi na Beni–Butembo, njo zilizo kwenye mradi wa barabara wa Kongo na Uganda, ambao marais wa nchi mbili waliuzindua Juni 2021. Mashine zimefanya kazi. Lakini msafiri asisome kilomita kwenye karatasi tu, asome pia mawingu. Kati ya Septemba na Novemba, mvua moja ya mchana inaweza kugeuza mwendo wa saa moja kuwa wa masaa matatu.

Beni: mji wa njia nne

Kwa msafiri asiye na gari na mwenye shughuli pande nyingi, jibu letu la kwanza ni Beni. Hatusemi hivyo juu ya uzuri wake. Tunasema hivyo kwa sababu pande zote nne zina parkingi zake, na gari zinaanza kujaa mapema. Ukiona habari ya kaskazini ni mbaya leo, unaenda mashariki kwanza na kaskazini unaiacha kesho. Mtu aliyelala mwisho wa njia moja hana chaguo hilo.

Beni ina jambo lingine. Tangu Goma ianguke mikononi mwa M23 mwisho wa Januari 2025, serikali ya jimbo inafanyia kazi Beni. Mwenye kutafuta saini ya mkubwa sasa anaitafuta pale. Hilo linasaidia, lakini pia wageni wa ofisi wanatafuta vyumba vile vile unavyotafuta wewe. Piga simu mbele ya kufika. Omba chumba upande wa katikati ya mji, karibu na barabara kubwa, usikubali nyumba ya pembeni hata kama bei ni nusu. Kile unachookoa kwa chumba utakitoa kwa pikipiki ya jioni, na pikipiki ya jioni njo ile tunayoikataa.

Butembo: kwa mfanyabiashara na kwa mchimbaji wa Bapere

Butembo ni mji wa biashara, kila mtu anajua. Uko juu ya mlima, zaidi ya mita 1700. Mgeni anasikia neno ikweta anakuja na shati moja, halafu usiku anatetemeka. Beba kabuti.

Ukija kununua vitu vya duka, ao kufuata mwanafunzi pale Université Catholique du Graben, lala Butembo bila kufikiri sana. Lala Butembo pia kama kazi yako iko upande wa Lubero ama wa Bapere. Lakini juu ya Bapere tuseme wazi. Manguredjipa ni inchi ya zahabu, na wenzetu wengi wako kule. Njia yake inapita ndani ya pori na tope, na tangu mwaka 2024 wauaji wamefika sehemu zile pia. Kule si kwenda na kurudi kwa siku moja. Mwenye kusema atalala Butembo na kufanya kazi Manguredjipa kila siku hajaiona ile njia. Butembo iwe pale unapoacha mzigo mkubwa, unapongojea habari, unaposema na mwenyeji wako wa kule kwa simu. Akisema bado, unabaki.

Upande wa kusini, usipange Goma kama zamani. Kanyabayonga ilianguka Juni 2024, na barabara ile imekatwa na vita. Kwa sasa Butembo, ambayo ilikuwa katikati ya njia, imekuwa karibu mwisho wake.

Kasindi na ziwa

Wengine wanatuambia: sisi tunataka pwani. Bahari hatuna, lakini ziwa Edouard liko. Kyavinyonge ni moja ya pesheri tatu zinazokubaliwa ndani ya hifadhi ya Virunga, pamoja na Vitshumbi na Nyakakoma. Wanawake wanaouza tilapia wanaijua kuliko sisi. Kwa kwenda Kyavinyonge, unaweza kuweka kituo Kasindi. Lakini njia zinapita ndani ya hifadhi: usitembee bila kuuliza wale waliopita asubuhi ile ile. Na usiende peke yako juu ya pikipiki wakati wanawake wa samaki wanaenda kwa kundi. Nenda nao.

Kasindi yenyewe ni mji wa mpaka. Kuna vyumba, kuna kelele, kuna watu wa kubadilisha pesa. Mji ule nao uliumia: Januari 2023 bomu liliua watu waliokuwa wakisali ndani ya kanisa. Sisi tunasema, lala Kasindi usiku mmoja kama unavuka kesho, kiisha endelea. Na ukivuka, kumbuka saa. Uganda iko mbele yetu kwa saa moja. Wakati Kasindi ni saa tisa, ngambo ya pili Mpondwe tayari ni saa kumi. Wanaosahau hilo wanafika kwenye ofisi wakati watu wanafunga dirisha, na wanaorudi na hesabu ya Uganda wanajidanganya kwa upande mwingine.

Oicha yetu

Sasa tufike nyumbani. Tungependa kusema: njooni wote mlale Oicha. Tuna vyumba vya kukodisha, tuna mama wanaopika sombe na ugali wa muhogo, tuna vijana wa pikipiki wanaotafuta wateja. Mgeni akilala hapa, pesa inalala hapa. Na Oicha si kijiji cha jana. Njo makao makuu ya territoire ya Beni. Hospitali yake inajulikana tangu wakati wa daktari Carl Becker, Mmarekani wa misioni, aliyeifungua miaka ya 1930 na kubaki mpaka 1964. Wagonjwa walitoka mbali sana kuifuata, na wagonjwa wa ukoma walijengewa mahali pao pa kutunzwa.

Lakini hatutadanganya mtu ili ajaze chumba. Kama kazi yako iko Butembo ao Kasindi, Oicha si kituo chako. Utakula mchana wako wote barabarani. Kama unaenda Eringeti na mbele, Oicha inaonekana karibu kwenye ramani, lakini kipande kile cha njia njo kinachotaka habari ya siku ile. Mtu anaweza kungoja siku mbili, na kungoja huko ni vizuri ukungojee Beni, ambako utapata njia ingine ya kufanya.

Oicha ni kituo cha mtu mwenye kazi ndani ya Oicha, ama Mbau, ama kwenye hospitali, ama kwenye ofisi za territoire. Kwa huyo tunasema kwa nguvu: lala hapa.

Maana kuna jambo linalotuuma. Watumishi wengi, wa serikali na wa mashirika, wanaweka kituo Beni na kutufikia mchana tu. Saa nne wanafika, saa nane wanatazama saa, saa tisa jeep imeshageuka. Tunaelewa, wao pia wana watoto. Lakini mtu anayeondoka saa tisa hajui jioni ya Oicha. Hajui mama anayerudi toka shambani na mzigo wa muhogo akiwa na hofu. Hajui watu wanaotoka vijiji vya pembeni kuja kulala katikati, asubuhi wanarudi. Ripoti yake inaandikwa juu ya masaa matano ya mchana, nasi tunaishi masaa 24.

Basi kanuni yetu ya kwanza, ile ya njia zinazokutana, ina mpaka wake. Ukizunguka, lala kwenye njia panda. Ukija kwa ajili ya watu wa mahali pamoja, na usalama wa wiki ile unakubali, lala kwao walau usiku mmoja. Hilo linafaa kwa mwalimu, kwa muuguzi, kwa mtu wa sendika na kwa mwandishi wa habari.

Peke yako, lakini mtu akujue

Kusafiri peke yako si kusafiri bila mtu. Mahali popote utakapochagua, fanya mambo haya.

Mbele ya kutoka, acha majina matatu kwa mtu wa nyumbani: mji utakaolala, mwenye nyumba ao mkubwa wa parkingi, na saa unayotazamia kufika. Ukifika, piga simu. Usiseme nitapiga kesho.

Chagua mwendeshaji wa pikipiki mmoja na umshike. Mchukue kwenye parkingi, wala si yule anayekuita pembeni ya njia. Uliza wenzake jina lake mbele yake. Mtu anayejulikana na wenzake ana sababu ya kukurudisha. Bei mpatane mbele ya kupanda, kwenda na kurudi, na nusu ulipe mwisho.

Uliza habari ya njia kwa watu wawili wasiokaa pamoja: mmoja anayetaka uende, sawa vile dereva, na mmoja asiyepata faida yoyote, sawa vile mama anayeuza ndizi pale gari zinapofikia. Wakipatana, panda. Wakipishana, ngoja.

Kadi yako ya mpiga kura iwe karibu, si chini ya mzigo. Pesa igawanye mara mbili. Kwa wengi wetu pesa ya simu inasaidia, lakini vijijini kuna siku reseau haiko. Beba pesa ya kulala usiku mmoja zaidi kuliko ulivyopanga. Ule usiku mmoja wa zaidi njo unaokupa uhuru wa kukataa gari ya jioni.

Kwa mama ao dada anayesafiri peke yake, nyumba za wageni za paroasi na za makanisa mara nyingi ni bora kuliko hoteli za karibu na soko. Mlango unafungwa mapema, na kuna mtu anayeandika majina. Kama una jamaa, hata wa mbali, anza kwake. Kwetu mtu hasemi "nimekusumbua" anapofika na kilo moja ya sukari. Lakini usikubali jamaa akupokee kwa kukuambia mlango uko wazi mpaka saa nne ya usiku; saa yako ni ya jua.

Kwa wale wanaotuma watu

Neno letu la mwisho ni kwa wanaotuma wengine. Kuna mwajiri mmoja sehemu zetu, jina lake tuliache, aliyekuwa akimpa kijana pesa ya pikipiki ya kwenda na kurudi kwa siku moja, bila pesa ya kulala. Kijana akichelewa, analazimika kuchagua kati ya kurudi usiku na kulala njaa. Na mwenye kutuma analala vizuri kwake.

Sheria ya kazi ya Oktoba 2002 inamtaka mwajiri alinde afya na usalama wa mfanyakazi. Kwetu barabara ni sehemu ya kazi, sawa vile shimo la zahabu. Anayemtuma mtu bila gari kutoka Beni mpaka Eringeti ao kutoka Butembo mpaka Manguredjipa atoe pesa ya usiku mmoja wa akiba, na aandike wazi kwamba kuchelewa kwa sababu ya usalama hakukatwi kwenye mshahara. Hatuombi hoteli kubwa. Tunaomba kitanda kimoja, mlango unaofungwa, na ruhusa ya kusema: leo sirudi, njia si nzuri.

Ndugu msomaji, ukija Oicha, uliza sendika ya wachimbaji karibu na soko kubwa. Tutakuambia njia iko ginsi gani asubuhi hiyo. Na kama jibu ni kwamba ubaki Beni, tutakuambia hilo pia.